Hewa ya Mji ni Amana

Msomaji mpenzi, katika mambo ambayo watu huyakubali bila ya kuyapima, mojawapo ni hili: ya kuwa stesheni ya televisheni ni mali ya yule aliyenunua mitambo yake, kama vile duka lilivyo mali ya mwenye duka. Husemwa kwamba mwenye mnara ana haki ya kuonyesha apendalo, na asiyependa na azime chombo chake alale. Neno hili lina sura ya ukweli, lakini ukweli wenyewe halina. Mnara hununuliwa, nyumba ya stesheni hununuliwa, kamera na taa hununuliwa. Kitu kimoja tu hakinunuliwi, nacho ndicho kinachoipa mitambo yote thamani: njia ile ya hewani ambayo sauti na picha hupitia. Njia hiyo ni ya watu wote wakaao mahali pale, nao, kwa mkono wa Serikali yao, humkabidhi mtu mmoja aitumie kwa muda na kwa masharti. Kitu kilichokabidhiwa hivyo, katika lugha yetu, huitwa amana. Na mwenye kupokea amana, hata akikaa nayo miaka hamsini, haigeuki kuwa urithi wake.

Nataka kulithibitisha jambo hili kwa historia ya stesheni za miji ya Marekani na mikataba yao na mitandao mikubwa. Nimeichagua Marekani kwa kuwa huko utaratibu huu ulianza mapema, umeishi muda mrefu, na magomvi yake yameandikwa katika hukumu za mahakama ambazo mtu yeyote aweza kuzisoma. Sikuichagua kwa kuwa mambo ya huko ni mema kuliko ya kwingine. Wewe mwenyewe utaona kuwa mengi si mema. Wazee walituusia kuwa mwenzio akinyolewa, nawe tia maji. Basi na tumtazame huyu anayenyolewa.

Yafaa kwanza tufahamiane juu ya mambo mawili: stesheni na mtandao. Stesheni ni mnara mmoja katika mji mmoja. Sheria ya redio ya mwaka 1927, na ile ya mawasiliano ya mwaka 1934 iliyounda Tume ya Mawasiliano ya Marekani, zilitaka kila leseni itolewe kwa ajili ya manufaa ya umma, nazo zikasema wazi kuwa leseni haimpi mtu haki yoyote zaidi ya masharti yaliyomo ndani yake. Kila leseni hutolewa kwa ajili ya mji uliotajwa kwa jina. Mtandao ni kitu kingine kabisa. Ni kampuni inayotengeneza au kununua vipindi mahali pamoja, aghalabu New York au California, na kuvipeleka kwa stesheni nyingi kwa wakati mmoja. NBC ilianza mwaka 1926 na CBS mwaka 1927, zote mbili katika redio, nazo zikaingia katika televisheni zikiwa tayari na nguvu za redio mikononi.

Stesheni ya mji mdogo haina uwezo wa kujaza saa zote za siku kwa michezo ya kuigiza, ngoma na habari za dunia. Mtandao nao hauwezi kufika katika nyumba za watu bila ya minara, na sheria haikuuruhusu kumiliki minara yote. Kwa hiyo pande hizi mbili zilifunga mkataba. Mtandao ulitoa vipindi na kumlipa mwenye stesheni kwa saa zake. Stesheni ikatoa mnara, na ikabakiziwa nafasi chache za kutia matangazo ya biashara ya wenyeji. Mkataba wa namna hii hauna dhambi ndani yake. Mkulima wa Iowa aliyeona kwa macho yake, usiku mmoja, kile walichokiona watu wa New York, alipata faida ambayo babu yake hakuiota. Mimi siandiki kuilaani mitandao. Ninauliza swali moja tu: mkataba ule ulipofungwa, mwenye hewa aliulizwa?

Tume yenyewe ililiona swali hili mapema. Mwaka 1941 ilitoa taarifa juu ya mitandao ya redio, nayo ikaweka kanuni kali: stesheni isifungwe kwa mtandao mmoja kiasi cha kukatazwa kuchukua vipindi kwingine, wala isinyang'anywe haki ya kukataa kipindi ambacho yaona hakiwafai watu wake. Vilevile kampuni moja isiendeshe mitandao miwili kwa pamoja. NBC, iliyokuwa na mitandao miwili, ilikwenda mahakamani. Mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kuwa Tume ilikuwa na haki. NBC ikauza mmoja wa mitandao yake, na huo ndio uliokuja kuitwa ABC. Fahamu vizuri, msomaji, msingi wa kanuni zile. Haki ya kukataa kipindi aliachiwa mwenye stesheni kwa sababu yeye ndiye aliyepokea amana. Atatoaje hesabu ya amana ikiwa ameikabidhi kwa mtu mwingine asiyekaa mjini?

Baada ya vita kuu ya pili maombi ya leseni za televisheni yakawa mengi, na stesheni zikaanza kuingiliana mawimbi. Mwishoni mwa Septemba 1948 Tume ikasimamisha kutoa ruhusa mpya ili ipange upya ramani ya chaneli. Ilidhaniwa kuwa ni kazi ya miezi michache. Ilichukua miaka mitatu na nusu, hata Aprili 1952. Katika muda huo nchi nzima ilikuwa na stesheni 108 tu, au pungufu ya hizo. Miji mingi mikubwa ilikuwa na stesheni moja peke yake, na mingine haikuwa na hata moja. Mwenye stesheni ya pekee alikuwa kama mwenye kisima cha pekee jangwani. Mitandao minne ilimjia ikimbembeleza, naye akachagua vipindi vilivyopendwa zaidi, ambavyo kwa kawaida vilikuwa vya NBC na CBS.

Mtandao wa nne uliitwa DuMont, kwa jina la mhandisi Allen B. DuMont aliyeuanzisha. Haukuwa na redio ya kuulisha, wala haukuwa na stesheni za kutosha za kubeba vipindi vyake. Tegemeo lake kubwa lilikuwa stesheni yake ya Pittsburgh, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa peke yake katika mji ule. Ilipobanwa na deni iliiuza kwa kampuni ya Westinghouse, na mwaka 1956 mtandao wenyewe ukafa. Wako wasemao kuwa DuMont ilikufa kwa sababu vipindi vyake havikupendwa. Wanasahau kuwa kipindi kisichofikishwa kwa mtu hakiwezi kupendwa wala kuchukiwa. Asiyekuwapo na lake halipo.

Ramani mpya ya mwaka 1952 ilitoa chaneli 12 za masafa ya chini na chaneli 70 za masafa ya juu, nayo ikatenga nafasi 242 kwa ajili ya elimu. Kwa karatasi ilikuwa ramani ya haki, maana miji mingi midogo ilipewa nafasi ya kusema. Lakini vyombo vingi vilivyokuwa majumbani havikuweza kupokea masafa yale ya juu. Stesheni nyingi zilizopewa masafa hayo zilizaliwa na kufa kabla ya watu wa mji kuziona. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa televisheni kutia uwezo wa kupokea chaneli zote ilipitishwa mwaka 1962, miaka kumi nyuma ya wakati wake. Kumpa mtu shamba na kumnyima jembe si kumpa shamba.

Hapa natarajia kuwa utasema: basi dawa ni nyepesi. Mwovu ni mtandao wa mbali. Mwema ni mwenyeji wa karibu. Stesheni ikiwa ya mtu wa mji, mji utasikilizwa. Nakuomba usiharakishe kuamini hivyo, kwani historia ya mji wa Jackson, katika jimbo la Mississippi, yatukataza.

Mwaka 1953 ilianza kurusha katika mji ule stesheni iitwayo WLBT, chaneli ya 3, mali ya kampuni ya bima ya wenyeji wa pale pale, nayo ilifungamana na NBC. Karibu asilimia 45 ya watu walioishi katika eneo lake walikuwa Wamarekani weusi. Wote waliweza kuitazama, lakini mambo yao hayakupata nafasi ndani yake. Stesheni ilitangaza maoni ya wale waliopinga watoto weusi na weupe kusoma pamoja, na wenye maoni mengine hawakupewa wasaa. Mwaka 1955, wakili Thurgood Marshall alipokuwa akizungumza katika kipindi cha NBC, watazamaji wa Jackson waliona maandishi tu yakisema kuwa kebo imeharibika. Kebo haikuharibika. Iliyoharibika ilikuwa dhamiri ya waliokabidhiwa mnara. Medgar Evers, kiongozi wa kutetea haki za watu weusi katika jimbo lile, aliomba nafasi ya kujibu kwa muda mrefu, nayo ilipatikana Mei 1963. Usiku wa tarehe 12 Juni mwaka ule ule alipigwa risasi na kuuawa mbele ya nyumba yake.

Angalia jinsi jambo hili linavyotuvuruga. Haki ya kukataa kipindi cha mtandao, ile iliyotetewa mahakamani mwaka 1943 ili kuwalinda wenyeji, ndiyo iliyotumiwa kuwaziba wenyeji macho. Mtandao wa mbali ulikuwa na habari ya kweli. Mtu wa karibu akaizuia mlangoni. Kwa hiyo ukaribu peke yake si wema. Jirani aweza kukudhulumu kuliko mgeni, maana yeye anajua mlango wako ulipo.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo ningependa kila mwanafunzi aikumbuke. Kanisa moja, United Church of Christ, kwa uongozi wa mchungaji Everett Parker, liliwakusanya watu wa kujitolea. Kwa juma zima mwezi Machi 1964 walitazama vipindi vya stesheni ile na kuandika walichokiona, nani alionyeshwa na nani hakuonyeshwa, nani aliitwa kwa heshima na nani alinyimwa. Hawakuvunja dirisha la mtu. Walichukua kalamu na karatasi. Kisha, pamoja na wananchi wa Mississippi, wakaiomba Tume isirudishe leseni ile kwa wenyewe. Tume ikajibu kuwa watazamaji hawana haki ya kusimama mbele yake katika shauri la leseni. Waliokuwa na haki hiyo, kwa desturi yake, ni wale walioweza kupata hasara ya fedha au kuingiliwa mawimbi yao. Mwaka 1965 ikaipa stesheni mwaka mmoja zaidi.

Watu wale wakaenda katika Mahakama ya Rufani. Mwaka 1966 mahakama, kwa kalamu ya jaji Warren Burger, ikaamua kuwa watu wanaosikiliza na kutazama wana haki ya kusikilizwa, kwani hewa inatumiwa kwa ajili yao. Tume ikakaidi tena na kuirudisha leseni mwaka 1968. Mwaka 1969 mahakama ikaitangua kabisa. Mwaka 1971 stesheni ikakabidhiwa kwa muda kwa chama kisichotafuta faida, na mwaka 1972 William Dilday akawekwa kuwa meneja wake, mtu mweusi wa kwanza kuongoza stesheni ya televisheni katika Marekani.

Haya, msomaji, ndiyo maana ya amana. Mkataba na NBC haukuwaokoa watu wa Jackson, na wenyeji wenye kumiliki mnara hawakuwaokoa pia. Waliokolewa na haki ya mwenye hewa kumwita mwenye leseni atoe hesabu. Pale haki hiyo ilipokuwapo, hata stesheni mbaya iliweza kutengenezwa. Pale ilipokosekana, hata stesheni njema ilikuwa njema kwa hisani tu, na hisani huweza kukatika leo au kesho.

Sasa tutazame yaliyotokea pale mikataba ilipoanza kuuzwa kama ng'ombe mnadani. Mwaka 1986 mtandao mpya uitwao Fox ulianza, nao kwa miaka michache uliishi katika chaneli za masafa ya juu ambazo watu waliziona dhaifu. Mwishoni mwa mwaka 1993 Fox ikaahidi kulipa dola bilioni 1.58 kwa miaka minne ili ionyeshe michezo ya mpira wa Kimarekani ambayo CBS ilikuwa ikiionyesha tangu mwaka 1956. Ilikuwa na mpira, ikahitaji minara yenye nguvu. Mwezi Mei 1994 ikaafikiana na kampuni ya New World, ikatia dola milioni 500 katika kampuni hiyo, na stesheni 12 zikakubali kuhamia Fox. Nyingi katika hizo zilikuwa za CBS, katika miji mikubwa kama Atlanta, Cleveland, Dallas na Detroit. Watu walioamka na chaneli waliyoizoea kwa zaidi ya miaka arobaini walikuta imekuwa kitu kingine. Hakuna aliyewauliza.

Katika Detroit gharama ililipwa na watu ambao hawakuwamo katika biashara ile hata kidogo. Tangu Septemba 1975 mji huo ulikuwa na stesheni WGPR, chaneli ya 62, ya kwanza katika Marekani nzima kumilikiwa na watu weusi. Ilianzishwa na wakili William V. Banks na chama chake. Haikuwa tajiri, lakini vijana wengi wa mji ule walijifunza humo kazi ya kamera, ya habari na ya uongozi, ambayo kwingine wasingeipata. Na jioni walionekana humo vijana wa Detroit wakicheza ngoma za Detroit. CBS, ilipofukuzwa katika chaneli ya 2 na kukataliwa kwingine, iliinunua WGPR kwa dola milioni 24. Vipindi vya wenyeji vikaondolewa, na mahali pake vikawekwa vipindi vya mtandao. Waliouza walikuwa na haki ya kuuza mitambo yao, wala siwalaumu, maana mkono mtupu haulambwi. Ninalolaumu ni utaratibu ulioruhusu sauti ya pekee ya aina yake kuondoka mjini kwa sababu kampuni mbili kubwa, mbali na hapo, ziligombea mpira.

Baadaye hata fedha zilibadili mwendo wake. Zamani mtandao ulimlipa mwenye stesheni. Sasa mwenye stesheni akatakiwa amlipe mtandao. Mjini San Francisco, stesheni KRON ilikuwa na NBC tangu mwaka 1949. Wenyewe wapya hawakukubali masharti ya NBC, na mwanzoni mwa mwaka 2002 mtandao ukahamia stesheni ya San Jose iliyokubali kulipa mamilioni ya dola. Kampuni iliyokuwa imeinunua KRON kwa bei kubwa ikafika mahakamani mwaka 2009 kuomba kinga ya wadeni wake. Mwaka ule ule wa 2002, stesheni WJXT ya Jacksonville, Florida, nayo ilitofautiana na CBS juu ya malipo. Ikaamua kutengana nayo. Ikazidisha saa za habari za mji, ikaishi bila ya mtandao wowote, na haikufa. Stesheni hii inawafedhehesha wale wanaosema kuwa pasipo mtandao hapana maisha. Ilikuwa imejenga nyumba yake juu ya habari za mji wake kwa miaka mingi. Mtandao ulipoondoka, paa tu ndilo lililoondoka, kuta zikabaki.

Mpinzani wangu atasimama hapa na kusema: mwalimu, wewe waota. Habari za mji ni ghali, na tamthilia ya mtandao ni rahisi. Mji wa watu elfu hamsini utalipaje waandishi, wapiga picha na mafundi? Namjibu kuwa hoja yake ni nzito, na ndiyo sababu sikuomba mitandao ivunjwe. Stesheni na ichukue vipindi vya mtandao, na faida yake iitumie kulipa kazi ya mji. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano tangu awali. Ubaya huja faida inapochukuliwa na kazi inapoachwa. Mtu aliyepewa shamba la jumuiya alime nusu kwa ajili yake na nusu kwa ajili ya wote, akilima nusu yake tu, hawezi kujitetea kwa kusema kuwa jembe ni ghali.

Na tazama jinsi masharti yalivyolegezwa. Leseni ya televisheni ilikuwa ya miaka 3; mwaka 1981 ikawa ya miaka 5; mwaka 1996 ikaruhusiwa kufika miaka 8. Hapo zamani kampuni moja haikuruhusiwa kuwa na stesheni zaidi ya 7. Mwaka 1985 zikawa 12. Mwaka 1996 hesabu ya stesheni ikaondolewa, ikabaki mipaka ya sehemu ya nyumba zinazofikiwa. Mwaka 2017 Tume ikafuta kanuni ya zamani iliyotaka kila stesheni iwe na studio yake kuu ndani ya mji iliyopewa leseni au karibu nao. Matunda yake yalionekana mwaka 2018. Kampuni ya Sinclair, iliyokuwa na stesheni karibu 200, iliwaagiza watangazaji wake wa miji mbalimbali wasome maneno yale yale yaliyoandikwa makao makuu. Mtu mmoja aliziweka picha zao pamoja, na dunia ikaona makumi ya nyuso, kila moja ikijidai kuwa jirani mwema wa mji wake, zikitamka sentensi moja kwa pumzi moja. Hapa hapakuwa tena na haja ya NBC wala CBS. Mwenye stesheni mwenyewe alikuwa amegeuka mtandao, naye hakuwa na wa kumkatalia kipindi.

Mpinzani wa pili ni kijana, naye hucheka. Asema: mambo haya yamekwisha, siku hizi kila mtu ana simu, na katika intaneti hapana mnara wala leseni. Namwuliza: ni nani katika intaneti anayekaa saa sita katika mkutano wa baraza la mji wako ili akuambie kodi yako imekwenda wapi? Wenye kunena ni wengi. Wenye kuhudhuria ni wachache. Tena asidhani kuwa huko hapana mwenye mlango. Kampuni inayopanga ni picha ipi uione kwanza na ipi usiione kabisa ni mtandao pia, nao haukufunga mkataba wowote na mji wako, wala haukupewa leseni unayoweza kuipinga mbele ya jaji. Kijana huyu hakuondokewa na tatizo. Ameondokewa na chombo cha kulishitakia.

Sisi wa Kenya hatuko mbali na mambo haya. Televisheni ilianza kwetu mwaka 1962, ikiwa chini ya shirika la utangazaji la Serikali, na kwa miaka mingi sauti ilikuwa moja. KTN ilipoanza mwaka 1990, sehemu kubwa ya vipindi vyake vya awali ilikuwa habari za CNN kutoka Marekani. Mwananchi wa Nairobi aliweza kujua mambo ya Atlanta kabla hajajua ya Garissa. Sikusema kuwa ni vibaya. Dirisha lilifunguliwa, na hewa ikaingia. Nasema tu kuwa dirisha si nyumba. Halafu, Februari 2015, wakati wa kuhamia utangazaji wa kidijitali, stesheni kubwa za watu binafsi zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu, kwa sababu ya ugomvi juu ya nani ataisafirisha ishara yao. Wakubwa waligombana, kila upande ukasema unatetea sheria. Je, katika ugomvi ule ulisikia mtazamaji wa Kitui au wa Lamu akiitwa kuwa ni mmoja wa wenye shauri? Alikuwa kama mtu ambaye ng'ombe wake amegombewa na wachungaji wawili, naye ameachwa nje ya boma.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 34, hulinda uhuru wa vyombo vya habari. Uhuru huo ni wa lazima, na kila mmoja wetu aulinde. Lakini uhuru wa mwenye stesheni dhidi ya Serikali ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni haki ya mtazamaji mbele ya mwenye stesheni. Nusu ya kwanza ikiwapo bila ya pili, tutakuwa tumemwondoa bwana mmoja na kumweka mwingine.

Wewe unayesoma kurasa hizi darasani, huenda siku moja ukawa mwandishi, au fundi wa mitambo, au mjumbe wa bunge la kaunti, au mtazamaji tu aliyeketi na watoto wake jioni. Katika hali yoyote kati ya hizo, nakuachia maswali manne ya kuuliza juu ya stesheni yoyote inayojiita ya mahali pako. Leseni yake ilitolewa kwa ajili ya watu gani? Katika saa zake za siku, ngapi zinahusu watu hao? Anayeamua kipindi kipi kikatwe yuko wapi? Na mimi nikiona nimedhulumiwa, naweza kusimama mbele ya nani? Swali la mwisho ndilo kubwa. Watu wa Jackson hawakuwa na fedha wala mnara. Walikuwa na jibu la swali hilo, na pale lilipokosekana walipigana miaka mitano mpaka wakalipata.

Usingoje kuwa mkubwa. Chukua kalamu na daftari, tazama stesheni moja kwa juma moja, uandike ulichokiona: nani alizungumza, nani alizungumziwa bila ya kuulizwa, na mji wako ulitajwa mara ngapi kwa jambo lisilokuwa msiba au fujo. Kisha mpelekee mwalimu wako, na wenzako, na mwenye stesheni. Mwenye amana hukumbuka kuwa ni amana pale mwenyewe anapopita kuiulizia.